Saada wa Kwenye Filamu

Kitambaa ambacho hakijawahi kufuliwa kina harufu ya wanga na dawa ya rangi, harufu kavu inayokwaruza koo. Kwa wengi wa rika langu waliokulia nyumbani, hiyo ni harufu ya Idi au ya Krismasi, harufu ya kupelekwa kwa fundi kupimwa. Kwangu ni harufu ya kukaa kimya nikisubiri nafasi ya kusema. Wiki hii yote nimekuwa nikifunga mizigo ya Shangazi katika nyumba yetu ya ghorofa ya saba, hatua chache kutoka soko la vitambaa la Zhongda hapa Guangzhou, China, kwa kuwa Jumapili anasafiri kurudi Dar es Salaam na hatarajiwi kuja tena. Nilipokunjua kipande cha bitana ili nifungie vikombe vyake, ikaanguka diski ya filamu, haina jalada, imechubuka kama goti la mtoto. Niliitambua kabla haijafika sakafuni.

Nataka kuieleza filamu hiyo. Nimesomea kazi ya tafsiri, na kwa muda mrefu nimejiona kuwa mtu wa kusema kweli. Kwa hiyo nitajitahidi kuyaeleza hata yale ambayo ningependa yabaki ndani ya bitana.

Tuliishi watatu. Shangazi Rukia, dada mkubwa wa Baba, alikuwa mjane asiye na mtoto. Ndiye aliyetangulia kufika mji huu, na mkataba wa nyumba, kibali cha duka na funguo zote vilikuwa mikononi mwake. Mama yangu, Saada, aliletwa kutoka Tanga ili amsaidie wifi yake kukagua vitambaa na kufunga marobota. Wa tatu nilikuwa mimi, Hidaya, mwenye miaka sita. Baba alibaki Dar es Salaam kuipokea mizigo, akija kwetu mara moja kila baada ya miezi michache. Kwa hiyo palikuwa na mtoto mmoja na wanawake wawili waliomtaka, na mmoja tu kati yao ndiye aliyekuwa na nguvu ya kumwondoa mwenzake. Tulipokaa kula, Shangazi alinivuta upande wake wa mkeka. Mama, kwa kuwa alinizaa, hakuona haja ya kunivuta.

Nilipouliza Baba yuko wapi, Shangazi alijibu bila kuinua macho kutoka kwenye kitambaa alichokuwa akikipima: "Yuko vitani." Wafanyabiashara wa Guangzhou huzungumza hivyo. Kontena likikwama bandarini, ni vita; ushuru ukipanda, ni vita; mtu akiufikisha mzigo wake Kariakoo ukiwa mzima, amerudi na ushindi. Mimi sikuujua usemi huo. Akilini nilimwona Baba amelala kwenye handaki, kofia usoni, na kila simu yake ilipokatika ghafla niliamini kwamba amepigwa, hadi alipopiga tena.

Filamu tuliikuta ndani ya nyumba. Mpangaji aliyetutangulia alikuwa ameacha deki katika kabati, na ndani ya deki ilikuwamo diski hiyo moja. Ilikuwa filamu ya kale ya Kichina, nyeusi na nyeupe, kuhusu vita ambavyo havionekani hata mara moja. Hakuna bunduki inayolia. Kuna nyumba yenye ua, na mume anayevaa kofia na kuondoka katika dakika za mwanzo. Baada ya hapo ni wale waliobaki: mke, mama mkwe mwenye macho mabovu, na binti mdogo. Wanawake wanajaza pamba katika makoti ya askari. Wanaziba madirisha kwa karatasi. Majira yanapita, na kata inayochota mchele inazidi kugonga chini ya mtungi. Hakuna anayelia mbele ya mwenzake. Leo naweza kusema kwamba ni filamu yenye heshima kubwa kwa watu wake. Wakati ule sikuiona filamu hiyo. Niliiona ya Shangazi.

Marehemu mume wa Shangazi alikuwa mtafsiri wa filamu katika kibanda umiza kimoja huko Tandika, kile kibanda cha mabati ambamo watu hubanana mbele ya video moja. Wenzangu mnaijua kazi hiyo. Mtafsiri hupunguza sauti ya filamu, hushika kipaza sauti na kuisimulia upya kwa Kiswahili. Huwapa wachezaji majina ya mtaani: shujaa huwa Juma, adui huwa Mzee Kipara, na binti mrembo hupewa jina la dada wa mtu aliyekaa pale pale, ili watu wacheke. Shangazi alipenda kumnukuu mumewe: mtafsiri mzuri haisikilizi filamu, anawasikiliza watazamaji. Kila Ijumaa baada ya swala na chakula, kabla ya kurudi dukani, aliketi juu ya gombo la kitambaa, akapunguza sauti mpaka ikabaki kama nzi kwenye kopo, akaanza.

Mume akamwita Bakari, jina la Baba. Binti mdogo akamwita Hidaya, nami nikajaa fahari kiasi cha kushindwa kukaa. Mama mkwe akawa Bi Mkubwa. Na yule mke mwembamba, anayeinamisha kichwa kila anapopita mlangoni, akamwita Saada.

"Mwoneni Saada anavyotembea," alisema, "kama mtu anayebeba mayai ya jirani. Bakari wa watu yuko mbele anapigana, mwenzake anasuka nywele."

Mama alikuwa mlangoni mwa jiko, na sufuria mkononi. Alisema polepole, "Wifi, yule ana jina lake."

"Analo, lakini la Kichina. Nikilitamka ulimi utateguka." Shangazi hakugeuka. "Wewe unaumia nini, wifi? Kwani Saada ni mmoja dunia nzima?"

Nilicheka. Nakumbuka kwamba nilicheka, na kwamba Shangazi alinipapasa kichwa.

Niliamini kwamba Shangazi anajua Kichina chote. Nilikuwa nimemwona sokoni akimwita muuzaji laoban, yaani bosi, akibishana naye bei, akiondoka kwa hasira ya uongo na kuitwa arudi. Mtoto anayemwona mtu akishinda mabishano katika lugha fulani hafikirii kwamba maneno yenyewe ni kumi. Niliamini pia, kwa namna ambayo siwezi kuieleza vizuri, kwamba filamu ile ilikuwa habari yetu. Kwamba tuliwahi kuishi katika nyumba yenye ua, kwamba vitani watu hubadilika sura, na kwamba Shangazi hatafsiri bali anakumbuka. Mama alikuwa na jina moja na mwanamke wa kwenye filamu, na wote wawili walitembea wakiinama. Sikuhitaji ushahidi mwingine.

Kuna tendo moja lililokuwa kiini cha filamu ya Shangazi. Mke anampakulia mama mkwe wali. Kizee anainua uso, anauliza neno. Mke anajibu kwa neno moja. Kisha anachukua bakuli lake mwenyewe, ambalo bado lina wali, anatoka nalo nyuma ya mlango, na tunauona mkono wake ukiumimina wali ule taratibu ndani ya chungu na kukifunika. Anarudi na bakuli tupu, anajifuta mdomo.

"Bi Mkubwa anamwambia: 'Wali hakuna. Umekula?'" Shangazi alitafsiri. "Saada anajibu: 'Nimekula.' Mnaona? Hana haya. Na ule mwingine anauficha ale baadaye, wenye nyumba wakilala."

Nilimuuliza, "Shangazi, mbona Bi Mkubwa hampigi?"

"Kwa sababu haoni, mwanangu. Ndiyo maana kila nyumba inahitaji mtoto mwenye macho."

Nikawa mtoto mwenye macho.

Hapa Guangzhou, mwishoni mwa baridi, huja siku ambazo unyevu unatoka katika kuta zenyewe. Maji hutiririka juu ya vigae, vioo huwa na ukungu, nguo hazikauki, na marobota hulazimika kuinuliwa juu ya mbao yasiote ukungu. Katika siku hizo Mama alipiga magoti na tambara asubuhi na jioni, akifuta. Alikuwa amekonda. Alikuwa pia ameanza tabia ya kufunika pua kwa ncha ya kanga Shangazi alipokaanga samaki.

"Wifi, Tanga wanawafundisha kupika au kunusa?" Shangazi aliuliza.

"Samehe, wifi. Ni huu unyevu."

"Hata kuta zinatoka jasho humu ndani, wewe tu ndiye mkavu."

Chakula kilipopakuliwa, Mama aliinuka na sahani yake, akasema anakwenda kula karibu na upepo, akatoka kwenye kile kibaraza cha kufulia nyuma ya jiko. Alirudi na sahani tupu, akajifuta mdomo. Siku ya tatu nilimfuata. Mlango haukuwa umefungwa vizuri. Nilimwona amechuchumaa karibu na mfereji wa maji machafu, mgongo kwangu, mabega yanatikisika, sahani tupu kando yake. Kisha akachukua ncha ya kanga, akajifuta. Niliona nilichokuwa nimefundishwa kuona. Mtu anayekula kwa pupa mabega yake hutikisika hivyo.

Sikumwambia mtu yeyote. Si kwa wema. Nilikuwa nimepata kitu cha thamani, na nilitaka kukitoa mbele ya watu.

Baba alikuja bila kutuambia siku. Alisimama mlangoni na begi la mkononi na mfuko wa ubuyu, amenyoa ndevu, hana jeraha. Nilimshika mkono nikautazama pande zote.

"Vita vimeisha?" nilimuuliza.

Baba akamtazama dada yake, wote wakacheka. "Havijaisha, mwanangu. Nimepewa ruhusa ya siku chache."

Ijumaa iliyofuata alikula nasi Mjomba Ezekieli, mtu wa Mwanza aliyekuwa akinunua nguo katika soko la Zhanqian na ambaye marobota yake yalipanda katika kontena la Baba. Hakuwa mjomba wangu; tulimwita hivyo kwa heshima. Alikuwa mtu wa kicheko chepesi, na baada ya kula akalegeza mkanda akasema, "Dada Rukia, nimesikia una sinema. Tutilie maneno basi, tumbo lishuke."

Shangazi alijifanya kukataa mara mbili, kisha akapanda juu ya gombo lake. Sijapata kumsikia akitafsiri vizuri kama siku ile. Alimfanyia Bakari sauti nzito ya kuchoka, na Baba akatabasamu. Alimfanyia Saada sauti ya puani, yenye deko la Tanga, na Ezekieli akapiga goti lake. Mama alikuwa jikoni akiosha vyombo. Maji yalisikika, kisha yakafungwa.

Tukafika kwenye bakuli.

"'Wali hakuna. Umekula?' 'Nimekula.'" Shangazi akavuta pumzi. "Jasho la Bakari hilo, linashuka koo la Saada. Na mwanamume yuko mbele, hajui."

"Aisee," Ezekieli alisema akicheka, "huyu mama ni hatari. Bwana Bakari, hesabu vijiko vyako."

Ndipo nafasi yangu ilipofika. Niliijua kama mtu anavyojua zamu yake ya kuruka kamba. Nilisimama, nikaweka mikono nyuma kama tulivyofundishwa shule ya chekechea tunapojibu, nikasema kwa sauti ya Shangazi, ile ya kutafsiri, "Na Hidaya akasema: hata hapa anakula hivyo hivyo. Nimemwona."

Ezekieli aliacha kucheka kabla ya wengine kuelewa. Kwenye runinga mke alikuwa akijifuta mdomo.

Baba aliuliza, "Umemwona nani?"

"Mama. Anakwenda nyuma na sahani, anachuchumaa, anakula peke yake. Halafu anajifuta."

"Umemwona kwa macho yako?"

"Ndiyo, Baba."

Shangazi alishuka kwenye gombo, akazima runinga, akaanza kukusanya vikombe, kazi ambayo hakuwahi kuifanya Mama alipokuwa nyumbani. Baba alitazama mikono yake mwenyewe kwa muda. Alikuwa na aibu mbele ya mgeni, na aibu ya mwanamume mbele ya mgeni ni kitu ambacho lazima mtu mwingine akibebe.

"Basi arudi kwao," alisema.

Hakulitaja jina la Mama. Hakwenda jikoni. Mwaka uliotangulia pengine angesema arudi nyumbani, na hilo lingekuwa neno jingine kabisa. Nyumbani mtu hurudi kupumzika. Kwao mtu hurudishwa. Nilikuwa mdogo, lakini nililisikia lile -ao mwishoni, na nikaelewa kwamba Mama ametolewa katika sisi.

Mama aliondoka baada ya siku tatu, asubuhi. Sikulia. Binti wa kwenye filamu anapungia mkono baba yake anapoondoka, na mimi nilijiandaa kupunga. Mama aliliweka sanduku mbele ya lifti, akarudi hatua mbili, akanifunga kifungo cha shingoni.

"Umekula?" aliniuliza.

"Nimekula."

Akaingia kwenye lifti. Nilipunga.

Ningependa kusema kwamba Shangazi alinitesa baada ya hapo, na mambo yawe mepesi. Hakunitesa. Alinilea kwa mapenzi ambayo hadi leo sijapata mfano wake. Alinipeleka shule ya Wachina, alikaa macho nilipougua surua, alinishonea sare kwa mkono wake kutoka kitambaa bora kuliko alichouza. Chakula kizuri kilianzia kwangu. Ninakumbuka vidole vyake vikinipaka mafuta nywele na sauti yake ikisema, "Mwanangu, wewe ndiye jicho langu." Diski ile haikuchezwa tena. Filamu ilikuwa imemaliza kazi yake.

Nilikuwa mwaka wa pili chuoni, katika mji huu huu, nikisomea tafsiri, nilipoikuta kwenye kabati la deki nikaitazama peke yangu kwenye kompyuta, sauti ikiwa juu. Niliitazama kwa kiburi kidogo, nikitaka kuona Shangazi alikuwa amekosea wapi. Kizee akainua uso. Akauliza. Nikarudisha nyuma. Akauliza tena.

Hasemi kwamba wali hakuna. Anauliza, "Umekula?" Kwa Kichina swali hilo, swali la upole ambalo kila mama wa hapa humwuliza mwanawe, ni chi le meiyou, nalo linamalizika kwa neno meiyou. Neno hilo likisimama peke yake ni "hakuna". Ndilo ambalo wauzaji wa Zhongda humrushia mteja wakiwa hawana rangi anayoitaka, au wakiwa nayo lakini hawataki kukata kipande kidogo. Shangazi alikuwa amelisikia mara elfu usoni mwake. Alijua chi, kula. Alijua meiyou, kunyimwa. Akaunganisha: hakuna, umekula. Na mke anajibu chi le, nimekula. Hapo Shangazi hakukosea hata herufi moja, isipokuwa kwamba mke anadanganya. Hajala. Anasema amekula ili kizee asile kwa wasiwasi, kisha anatoka nyuma ya mlango na kuurudisha wali wake katika chungu cha kesho. Mkono ule niliuona kila Ijumaa kwa macho yangu mazima. Niliuona ukirudisha, nikaambiwa unaficha, nikaona unaficha.

Nilimkabili Shangazi dukani. Alikuwa akipima kitambaa cha pazia, mita kwa mita, kutoka puani hadi kwenye ncha ya mkono. Nilimweleza kwa utaratibu, kama ninavyoandika hapa, na nadhani nilitumia maneno kama dhuluma na amana. Alisubiri nimalize.

"Meiyou ni hakuna," alisema. "Mwulize yeyote hapa sokoni."

"Si mwishoni mwa swali, Shangazi."

"Mimi swali lenu la chuoni silijui. Nilitafsiri nilichosikia." Akakata kitambaa, akakikunja. "Na mimi nilisema ya kwenye runinga. Aliyesema amemwona kwa macho, alikuwa nani?"

Alikiweka kitambaa rafuni. Akaniuliza kama nimekula.

Likizo hiyo nilikwenda Tanga. Mama alinikaribisha kama anavyokaribishwa mgeni wa heshima, kwa kiti na soda. Kijana mrefu alipita uani, akanisalimia "Shikamoo, dada," kwa sauti ambayo mtu humsalimia karani wa benki. Ni mdogo wangu. Alizaliwa miezi sita baada ya Mama kuondoka Guangzhou.

"Nilikuwa na mimba changa," Mama alinieleza, akichambua mchele kwenye ungo. "Kila harufu ilinitoa roho. Nilikuwa nikitapika pale kwenye mfereji, chakula namwaga, nisionekane nakidharau chakula cha wifi."

"Kwa nini hukusema?"

"Kumwambia nani? Yeye, asiyezaa, na miezi mitatu haijafika?" Alitoa jiwe, akalitupa. "Baba yako angeniuliza, ningemwambia. Hakuniuliza. Alikuuliza wewe."

Baba alipopata habari za mtoto alituma jina la kumpa. Nauli ya kurudi hakutuma. Alikwisha kusema neno mbele ya mgeni. Nilimwomba Mama msamaha kwa sentensi niliyoiandaa tangu kwenye ndege. Alisikiliza, akapeta mchele, makapi yakaruka upande wangu.

"Ulikuwa mtoto," alisema. "Mtoto hasamehewi wala halaumiwi. Huzoeleka tu kutokuwapo kwake."

Nilirudi Guangzhou nikiwa na azimio. Niliamini, na nimewahi kusimama mbele ya wanafunzi wa mwaka wa kwanza nikalisema, kwamba tafsiri ni wajibu wa maadili kabla ya kuwa ujuzi. Kwamba kati ya mtu na mtu asiyeelewana naye amesimama mkalimani, na mkalimani anayeongeza tone moja la moyo wake ametia sumu kisimani. Ndiyo kazi ninayoifanya sasa. Nawasindikiza Watanzania hospitalini na kwenye ofisi za mji, nikisema yaliyosemwa. Niliendelea kuishi na Shangazi. Tulikula pamoja. Filamu hatukuitaja, na diski sikuiona tena kabatini.

Mwezi uliopita ini lake lilikataa. Kichina chake cha sokoni hakina neno la ini. Katika chumba cha daktari alikaa mnyonge, mkoba magotini, akitazama mdomo wa yule daktari kijana, kisha wangu, kama nilivyokuwa nikiutazama wake nikiwa mtoto. Daktari alieleza vipimo. Alisema dawa zimefika mwisho wake, kwamba hapana sababu ya kumlaza. Kisha, kwa sauti ya chini, akanitazama mimi na kusema maneno mawili ambayo watoto wa hapa huyasema kila wanapotoka shule: hui jia. Arudi nyumbani. Na neno lile la nyumbani, kwa Kichina, ndilo pia neno la familia. Alikuwa akiniambia nimrudishe ghorofa ya saba, kitandani kwake, karibu na madirisha yanayotazama soko, nimtunze. Hakutaja ndege. Hakutaja nchi.

"Amesema nini?" Shangazi aliuliza.

Nilikuwa na maneno mawili. Yote mawili yamo katika kamusi, na hakuna mtahini ambaye angenikata alama kwa lolote kati yake. Nilikuwa na muda wa kuchagua. Nataka hilo lieleweke, kwa kuwa miaka sita huwezi kuitumia kama kisingizio mara mbili.

"Anasema urudi kwenu," nilimwambia.

 Vidole vyake vilikuwa vikipima mkanda wa mkoba, pima, kunja, pima. Mumewe amekufa. Baba amekufa. Nyumba aliyoishi na mumewe huko Tandika iliuzwa kabla sijaanza shule. Daktari alitutazama sote wawili, akingoja kuona kama maneno yake yamefika.

"Kwetu wapi, Hidaya?"

"Hakusema, Shangazi," nilijibu. "Mimi ninatafsiri tu."